Pedali ya Pili

Tulikuwa tumeshatoka nyumbani, begi langu limo kwenye buti, mimi nimejikunja kiti cha nyuma kama jongoo, na mtu aliyeshika usukani hajui kuendesha gari.

Ndivyo mdogo wangu wa kike alivyopanga. Yeye ni mwalimu wa udereva. Mji mzima unamwita Mwalimu, na hata mimi niliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga nilikwisha kulizoea jina hilo. Alisema kunipeleka kituo cha mabasi ni safari, na safari ni somo, basi somo la asubuhi ile litapitia kituo cha mabasi. Mwanafunzi alikuwa fundi cherehani, mtu mzima mwenye mvi zake, ambaye mguu wake umelelewa na cherehani ya umeme: ukikanyaga inakwenda, ukiachia inasimama, katikati hakuna kitu. Pale kwenye shule yao ya udereva walishambandika jina la Breki.

"Breki, baba, hiyo si cherehani," Mwalimu alimwambia. "Unaendesha gari au unashona lami?"

"Nisamehe, Mwalimu. Mguu umezoea."

"Haujazoea, umelogwa huo. Gia ya pili. Ya pili nimesema! Hiyo ya nne umeitoa wapi, umeiota?"

Mimi nimefanya kazi nyingi. Nimechimba visima, nimepika kwenye kambi za watengeneza barabara, nimelinda mitambo porini. Shule nimeisoma kwa vipandevipande, darasa la tatu hapa, la tano kule, la nne sijui lilipotelea wapi. Sijawahi kuogopa mahali kama nilivyoogopa kwenye kile kiti cha nyuma. Lakini hofu yangu haikuwa ya Breki. Nilikuwa natazama mkono wa kushoto wa mdogo wangu. Alikuwa ameukalia. Ameuweka chini ya paja kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe na upepo, na hata hivyo bega lilikuwa linacheza.

Habari ya mkono ule alinipa mpwa wangu, binti yake wa pekee, siku niliyofika. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi, mama yake yuko nje anaosha gari.

"Mjomba, mama ana ugonjwa wa Parkinson," alisema bila kuinua kichwa. "Daktari alimwambia mwaka jana. Yeye anawaambia watu ni baridi."

"Baridi gani na jua hili?"

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Labda wewe atakusikiliza."

Hajawahi kunisikiliza. Ila ugonjwa ule nilikuwa naujua. Kambini nilifanya kazi na wapishi wawili waliokuwa nao. Mmoja alitetemesha kijiko miaka mingi, akastaafu anatetemesha kijiko, akawa anawachekesha wajukuu nacho. Wa pili, kabla barabara tuliyokuwa tunaijenga haijafika mwisho, alikuwa hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Ugonjwa ni mmoja, mwendo si mmoja. Na hakuna aliyejua Mwalimu amepewa mwendo upi.

Gari lao lile, kama magari yote ya kufundishia, lina pedali mbili za breki. Moja ya dereva, ya pili iko sakafuni mbele ya kiti cha mwalimu. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anakanyaga, na watoto wa watu wanarudi kwao salama. Ile pedali ya pili ndiyo kazi yenyewe. Maneno mengine yote ni kelele tu.

"Nimekubaliana na mtoto," Mwalimu aliniambia, amegeuka nusu kunitazama, mkanda ameulegeza kama kawaida yake ili aweze kufikia usukani. "Pale kliniki kuna daktari anafanya utafiti wa damu. Anaweza kukisia huu ugonjwa unakwenda polepole au unakimbia. Damu ikisema polepole, nabaki kwenye kiti hiki. Ikisema unakimbia, nampa ufunguo wa gari na sibishi."

"Na mimi?"

"Wewe nenda zako. Ulishawahi kungoja nini wewe? Hata kukomaa tumboni hukungoja. Mama alikuzaa kabla ya tarehe."

Breki alicheka. Wakati huohuo, kati ya malori mawili yaliyoegeshwa pembeni, ukachomoza mkokoteni umejaa magodoro.

Mwalimu aliuona kabla yetu sote. Alipiga kelele, "Breki!" na yule fundi, masikini, akaitika "Naam!" kabla hajakanyaga. Mimi nilikuwa nimejikunja, macho yangu yako chini, kwa hiyo hakuna aliyeuona mguu wa kulia wa mdogo wangu vizuri kuliko mimi. Bega lilikwenda mbele. Goti likakaza. Mguu ukabaki palepale sakafuni, kama umepigiliwa msumari.

Ni Breki aliyesimamisha gari, kwa mguu wake wa cherehani. Gari liliganda. Magodoro yalikuwa karibu kiasi cha kusoma vibandiko vyake. Na kichwa cha Mwalimu, kwa vile alikuwa amegeuka na mkanda umelegea, kiligonga nguzo ya mlango, ukasikika mlio kama wa bakuli linalowekwa chini kwa hasira.

"Mwalimu!" Breki alikuwa analia. "Nimekuua, Mwalimu!"

"Bado," alisema, macho ameyafumba. "Weka gia huru. Vuta breki ya mkono. Umesahau nini?"

"Sijui!"

"Taa za hatari, baba."

Basi langu liliondoka bila mimi. Breki alituendesha kurudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliendesha kama binadamu. Mwalimu alitapika mara tulipofika mlangoni, akalala mchana kutwa, pazia limefungwa. Nilimuuliza kuhusu mguu.

"Kiatu kilinasa kwenye kapeti," alisema. "Na mtoto asijue. Akijua kuhusu kichwa, hangoji damu wala nini, ufunguo atauchukua leo."

Mpwa wangu aliporudi na gari lao la pili, analofundishia yeye, alinikuta bado nipo, akauliza. Nikasema basi lilikuwa limejaa. Mama yake akasema tumbo limemvuruga. Mpwa alifurahi kuniona kiasi kwamba hakuuliza la pili.

Damu ilichukuliwa baada ya muda si mrefu, uvimbe wa kichwani umeshanywea, kilichobaki ni maumivu ya asubuhi ambayo Mwalimu aliyaita usingizi mbaya. Aliingia ndani peke yake. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido, nikatazama mlango wa maabara ulio wazi. Muuguzi aliweka vichupa kwenye mashine inayozunguka, vikatoka vimegawanyika, damu nzito chini na juu maji ya manjano kama chai hafifu. Kumbe wanachokitaka ni yale maji. Yalifungwa, yakaandikwa, yakaingizwa kwenye friji. Nilijisemea, yaani kiti cha mdogo wangu kimo mle, kwenye maji yale, na mimi nimekaa hapa natikisa goti.

Kungoja majibu ndiko kulikonionyesha kwamba Mwalimu alinitukana kwa haki. Sijui kungoja. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikaza bawaba za milango yote, hata zilizokaza. Simu ikilia, vichwa vitatu vinainuka kama swala waliosikia kijiti kimevunjika, kumbe ni mwanafunzi anaahirisha somo. Mpwa wangu alikuwa anamtazama mama yake anavyotembea, kama mkono wa kushoto unapunga au umelala. Mama alikuwa anamtazama mtoto anavyomtazama. Mimi niliwatazama wote wawili, na chai yangu ikawa inapoa mezani.

"Acheni kunikodolea macho," Mwalimu alifoka siku moja, kikombe kikimchezea kwenye kisahani. "Mimi ndiye mtahini katika nyumba hii. Mkiendelea nitawafelisha nyote."

Tulicheka. Kisha tukarudi kuitazama simu.

Walipotuita, tuliingia sote watatu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na kucha fupi. Alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Daktari akihamia upande wako, habari si nzuri.

"Ndani ya neva kuna nyuzi nyembamba zinazoishikilia, kama nondo kwenye zege," alisema. "Neva ikiumia, vipande vya zile nyuzi vinamwagika, na vichache vinafika kwenye damu. Sisi tunavipima. Kwa watu wenye Parkinson, wale ambao vipande vyao ni vingi, kwa ujumla ugonjwa wao hukimbia kuliko wa wenzao. Nasema kwa ujumla. Kwa mtu mmojammoja bado ni kubahatisha, japo kwa kutumia akili kidogo."

"Nipe yangu, daktari," alisema Mwalimu.

"Yako iko juu. Juu sana kwa umri wako."

Mpwa wangu aliushika mkono wa mama yake, ule wa kushoto, nao ukautetemesha mkono wa mtoto.

"Huu ni utafiti," daktari aliendelea. "Nisingependa mtu abadilishe maisha yake kwa namba moja. Tutarudia—"

Lakini Mwalimu alishasimama. Korido ilikuwa ndefu. Alitembea mbele yetu, na nje kwenye maegesho akafungua mkoba, akautoa ufunguo wa gari, ule wenye kipande cha ngozi kilicholainika kwa miaka ya kushikwa, akauweka kwenye kiganja cha binti yake.

"Ahadi ni ahadi," alisema, akaenda kukaa kiti cha nyuma, mahali pangu.

Kuanzia hapo mtu akaanza kutuishia machoni. Sijui niseme ugonjwa ulikimbia kweli, au yeye aliamua kuukimbilia. Alikaa barazani na shali, jua likiwaka. Viatu vyake vya kuendeshea alimpa binti yake. Vifungo aliacha kufunga, akawa anavaa magauni ya kuingiza kichwani, "nizoee mapema." Gari likipita barabarani alisikiliza: "Hiyo ilitakiwa ya tatu. Sikia injini inavyoomba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake. Mimi nilitoa nguo zangu kwenye begi nikazipanga kwenye droo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu yeyote, na kila nikilala nilihisi ile droo inanitazama. Rafiki yangu wa visima aliniandikia kwenye simu kwamba kazi ya kulinda pampu bado ipo. Sikumjibu. Ningejibu nini?

Mpwa naye alikonda. Alikuwa anafundisha magari mawili, asubuhi hili, jioni lile.

"Nilitaka akae pembeni," aliniambia. "Sikutaka azimike. Mjomba, hivi nimemuua?"

"Hujamuua."

"Mbona sasa hata kijiko hanyanyui?"

Nilikwenda kukaza bawaba.

Siku Breki alipokuja, sote tulikuwa barazani. Alivaa koti lake la heshima, na kwapani amebana kifurushi. Alisalimia akazunguka kiti cha Mwalimu kama mtu aliyeleta posa.

"Mwalimu, nasikia huji tena garini. Nimejisemea ni mimi. Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako nini? Una ukubwa gani wewe wa kunifanya nisije?"

"Basi nimekushonea hii." Alifungua kifurushi. Ilikuwa kama soksi nene ndefu, ya kitambaa cha buluu kilichofanana na rangi ya gari, imejazwa sponji, mishono imenyooka kama rula, na vifungo vya kubana. "Hii unaivisha ile nguzo ya mlango. Ile iliyokugonga kichwa. Hata mtu akikanyaga breki kama mimi, hutaumia tena."

Mpwa wangu aliweka kikombe chini.

"Nguzo gani iliyomgonga kichwa?"

Breki aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia bawaba. Mwalimu alijivutia shali.

"Mama. Nguzo gani?"

"Ya gari. Ni jambo dogo."

"Dogo hadi fundi ameshona godoro?"

Ikabidi yatoke yote: mkokoteni, mlio, kutapika, basi ambalo wala halikujaa. Mpwa alisikiliza akiwa amesimama. Alipokasirika alifanana na bibi yake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema.

"Maradhi sijaficha," alisema Mwalimu. "Nimeficha nguzo."

"Na daktari, hakukuuliza kama umegonga kichwa? Huwa wanauliza!"

Breki aliomba ruhusa ya kuondoka, akakataliwa, akaambiwa akae anywe chai na aeleze tena kichwa kiligonga kwa nguvu kiasi gani. Alieleza kwa kugonga ngumi kwenye meza. Vikombe viliruka.

Tulirudi kliniki kwa gari la buluu, mpwa akiendesha kimya kimya. Daktari aliposikia alivua miwani.

"Nilikuuliza. Nakumbuka. Nilisema, umeanguka au umegonga kichwa miezi ya karibuni? Ukasema hapana."

"Daktari, mimi nafundisha udereva," alisema Mwalimu. "Kumuuliza mwalimu wa udereva kama amegonga kichwa ni sawa na kumuuliza mwokaji mkate kama amepata unga kwenye nguo. Sisi tunagonga. Tunagonga kioo, tunagonga nguzo, tunagonga goti, tunasema 'gia ya kwanza' tunaendelea. Hatuhesabu." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na niliogopa utaniambia nisiendeshe."

Daktari alitaka kucheka, akajizuia, na alipojizuia nikaona kumbe amechoka.

"Ubongo ukitikiswa, hata mara moja tu, zile nyuzi zinamwagika vilevile," alisema. "Damu haijui kama zimemwagwa na Parkinson au na nguzo ya gari. Hii namba yako imechanganyika. Siwezi kuitumia, na wewe usiitumie. Tungoje zile za kichwa zishuke, miezi kadhaa, halafu tupime upya. Na safari hii ukigonga hata kidole, unaniambia."

"Kwa hiyo sikimbii?"

"Sijui. Na wewe hujui."

Hamtaamini jinsi neno hilo, "sijui", lilivyomnyanyua. Alitoka pale akipunga mkono mmoja. Jioni hiyo alifunga vifungo vyake mwenyewe, akitukana kimoja kimoja. Viatu akavidai. Ila ufunguo hakuudai, maana ahadi ni ahadi, damu haijasema. Na mimi nikajikuta nangoja mara ya pili, miezi hiyo, nikiwa na hofu mpya ambayo sikuweza kumwambia mtu: siku moja nilifungua mlango wa gari la buluu nivishe ile soksi ya Breki kwenye nguzo, nikainama, nikatazama sakafu ya kiti cha mwalimu. Hakuna kapeti pale. Kuna raba tupu, imelainika kama sahani. Kiatu hakiwezi kunasa.

Nilipitisha mkono juu yake, nikarudia. Nikafunga mlango.

Damu ya pili ilitulia. Daktari alituonyesha kwenye mchoro alama ya mdogo wangu katikati ya alama za wenzake, imeegemea kidogo upande wa wanaokwenda polepole.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema, "na yako ni machache kuliko tulivyodhani. Nafurahi. Lakini kumbukeni, hiki ni kipimo cha miaka ijayo. Hakisemi chochote kuhusu asubuhi ya leo."

Nani alisikia maneno ya mwisho? Mpwa wangu alikuwa analia kwa furaha, mama yake anamfuta machozi kwa mkono unaotetemeka, anamchomachoma jicho. Nyumbani, ufunguo ulirudi mezani. Mpwa aliuweka mwenyewe, karibu na sahani ya mama yake.

"Damu imesema," alisema.

"Imesema," Mwalimu alisema, akacheka. "Kesho saa ya kwanza namchukua Breki, amefeli mara ya pili, ananiaibisha. Na wewe kaka, funga begi lako. Tutakupitisha kituoni. Somo ni lilelile."

Begi nilikuwa nimeshalifunga, droo tupu. Mlango ulikuwa wazi, basi lipo, rafiki yangu wa visima ananingoja. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kwenda, na mimi ruhusa sijawahi kuiomba mara mbili. Ningeweza kunyamaza, nikapanda, na kile ambacho kingetokea barabarani kingetokea nikiwa mbali, kama mambo mengi ya ukoo wetu.

"Mguu," nilisema.

"Mguu gani?"

"Wako. Siku ya mkokoteni. Haukuja."

"Nilikwambia kiatu kilinasa kwenye kapeti."

"Kapeti halipo. Nilikwenda kuangalia."

Uso wake ulibadilika. Sijawahi kuuona hivyo, si siku ya msiba wa mama, si siku alipoachwa na mume.

"Wewe," alisema taratibu. "Wewe unayekimbia kila kitu. Ulikimbia shule, ukakimbia ndoa, ukakimbia hadi kaburi la baba kabla halijafukiwa. Leo unakuja kunifundisha mimi kusimamisha gari?"

"Ndiyo."

"Damu imesema polepole!"

"Damu sikuiona ikikanyaga breki. Mguu niliuona."

Mpwa wangu alitutazama huku na huku. Halafu akachukua ufunguo. Hakuubana kiganjani, aliunyanyua tu juu kidogo. "Mama, twende tukauangalie. Dakika chache. Kama mjomba anasema uongo, mimi mwenyewe namtupia begi lake barabarani."

Gari lilikuwa limeegeshwa uani, ufunguo kwenye swichi, injini imezimwa. Mwalimu alikaa kiti chake. Mimi nilikaa kwenye usukani, mpwa amekunjamana nyuma pale nilipokuwa nimekunjamana mimi. Mpango ulikuwa kwamba nikipiga dashibodi kofi, yeye akanyage pedali ya pili.

Nilipiga. Alikanyaga, papo hapo. Nilipiga tena. Alikanyaga kabla mkono wangu haujainuka.

"Unaona?" alinitazama kwa dharau. "Toka garini mwangu."

"Mama," ilisema sauti ya mpwa wangu nyuma, ndogo sana. "Ukiwa kazini huwa hunyamazi. Fundisha. Mfundishe mjomba kuondoa gari."

Mwalimu alivuta pumzi. Nafikiri alikwisha kujua. Lakini alifundisha, kwa sababu ndiye mwalimu.

"Kaza mkanda. Angalia kioo. Si kujiangalia wewe, kuna nini cha kuangalia hapo? Kanyaga klachi. Gia ya kwanza. Toa breki ya mkono, achia klachi polepole, sikiliza injini, haya sasa—"

Nilipiga kofi.

Bega lilikwenda mbele. Goti likakaza. Mguu ulibaki kwenye raba.

Ukafika baadaye, ukakanyaga pedali kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyechelewa. Kisha yeye mwenyewe akasema, "Tena," akaanza upya: mkanda, kioo, klachi. Nilipiga, na mguu ukachelewa. "Tena." Ukawahi mara moja, tukashusha pumzi, halafu ukachelewa kofi lililofuata. Kinywa kikifundisha, mguu ulikuwa unasahau.

Mwalimu aliinama akautazama mguu wake kama unavyomtazama mtoto aliyegoma kuamka kwenda shule. Aliupiga kofi jepesi. Akanyoosha mkono, akauchomoa ufunguo kwenye swichi mbele yangu, akampa binti yake bila kugeuka nyuma.

"Shika. Kesho utamchukua Breki wewe. Usimwite jina hilo barabarani, anaitika." Aliiona ile soksi ya buluu kwenye nguzo, akaegemeza kichwa pale. "Na huyu mjomba wako mpeleke kituoni, asije akasema nimemkosesha basi tena."

Nilipanda basi siku ya pili yake. Mpwa wangu alinishusha, Breki akiwa kwenye usukani. Hatukugonga kitu.

Breki alifaulu safari ya tatu. Gari hajanunua hadi leo, anasema cherehani inamtosha, ila cheti amekitundika dukani juu ya nguo za wateja. Mpwa wangu anaendesha shule na ameajiri mwalimu mwingine wa gari la pili. Anawauliza walimu wake kila jioni kama wamegonga kichwa, na wao wanamcheka. Daktari alihamia mji mwingine, na utafiti unaendelea na mtu mwingine. Maji ya manjano ya mdogo wangu, ya mara zote mbili, bado yamo kwenye friji.

Ugonjwa wa Mwalimu umekwenda polepole. Mkono wa kulia nao umeanza. Anafundisha alama za barabarani chumbani, mezani, kwa magari ya kuchezea, na anayagonganisha kusudi. Mimi nilikaa kwenye visima msimu mmoja, nikarudi. Nimekwenda mara nyingine mbili tangu hapo, nikarudi. Nguo zangu ziko kwenye droo.